Siku Mama Mignonne Alipoita Mulonga

Zamani Kapata, mtaa wa Kolwezi, iliamshwa na king'ora cha kampuni ya migodi. Kililia alfajiri, wanaume wakatoka katika nyumba zao zilizopangwa safu kwa safu, wakaenda kazini, na wake zao wakajua wakati bila kutazama saa. King'ora kilinyamaza miaka mingi iliyopita, kama mambo mengine mengi ya kampuni, na siku hizi Kapata huamshwa na Mama Mignonne.

Yeye ndiye mpiga mbiu wa mtaa. Mtu akifariki, mbuzi akipotea, chanjo ya watoto ikifika, Mignonne hujifunga kitenge vizuri, huchukua megafoni yake na kupita safu kwa safu. Ana mwili mfupi na sauti ndefu. Wapo wanaosema megafoni ile haina kazi yoyote, ameishika tu ili aonekane yuko kazini, nao hawako mbali na ukweli. René, mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, hudai kwamba nyumba yao ina wanaume wawili, yeye na megafoni, na kwamba anayenunuliwa betri mpya si yeye.

Siku moja aliwahi kumtangaza mtoto aliyepotea. "Mutoto mwanaume anaonekana ku soko," alisema. "Anavaa kaptula ya bluu. Tunamuuliza jina ya mama yake, anasema ni Mama. Mwenye kujijua ni Mama, akuye." Wakaja wanawake wengi, wengine wakiwa na watoto wao wote mkononi, kwa kuangalia tu.

Kazi yake ina sheria. Hatangazi madeni ya watu wala mambo ya mume na mke. Na tangazo likishaingia katika megafoni haliruki nyumba hata moja, iwe ya rafiki au ya mtu asiyemsalimu. Hiyo sheria ya mwisho ndiyo aliyokuwa akijivunia kuliko zote, na ndiyo iliyokaribia kumponza.

Sauti yenyewe aliipata kwenye dembo. Dembo ni lile bonde la majimaji chini ya Kapata, mahali ambapo kijito cha Kamilemba hupumzika kabla ya kuendelea na safari yake. Mama yake alilima mboga huko, lengalenga na matembele na kabichi, na Mignonne akiwa mtoto alitumwa kumwita aje kula. Dembo lilikuwa pana. Mtoto aliyetaka kusikika ng'ambo ilimlazimu awe na mapafu. Mama yake alipofariki, matuta yakawa yake, na kila alipoinama kuyamwagilia alijiona mtoto tena. Alilipenda dembo lile waziwazi, bila aibu, kama wengine wanavyopenda timu ya mpira.

Lakini dembo lilikuwa linakauka. Zamani maji yalikaa humo kiangazi kizima mpaka mvua za Oktoba zikayakuta. Sasa ikifika mwezi wa nane udongo umepasuka, mboga zimelala chini, na akina mama wanabeba maji kutoka mbali hadi shingo zinawauma. Mignonne alikuwa ameona madembo mengine ya upande wa Kolwezi yakifa hivyo hivyo, kwanza mboga, halafu vyura, halafu mtu anakuja kujenga. Hilo ndilo lililomkosesha raha.

Basi mwanzoni mwa kiangazi kimoja Tata Kalumba, shefu wa mtaa, alifika kwake akiwa na mwanamke kijana aliyevaa buti za mpira. Huyo alikuwa injenia Tatiana, wa shirika lililokuja kutengeneza vijito vilivyoharibika.

"Mama Mignonne, tuko na tangazo ya maana," alisema Kalumba. "Mukutano juu ya bassin versant."

"Bassin gani, Tata Shefu?"

"Versant."

Mignonne aliitazama megafoni, kisha akamtazama shefu kwa huruma. "Nikisema bassin mu hii kitu, batu bote ba Kapata batakuya kungoya beseni ya bule. Na beseni ikikosekana, ni mi njo batanipiga."

Tatiana alicheka. Akaomba kikombe cha maji, akakunja kiganja chake na kuyadondosha humo kidogo kidogo. "Mama, angalia. Tone ikianguka ku kidole, ikianguka hapa pembeni, yote inashuka mu hii mustari ya katikati. Mukono muzima njo bassin versant. Ukiharibu ku kidole, ku kisigino ya mukono utaona matata."

Hilo Mignonne alilielewa upesi. Lililofuata alilielewa upesi zaidi. Nguvu ya shirika ingetosha kutengeneza mahali pamoja tu kabla ya mvua, na pengine pangengoja miaka ijayo, Mungu akipenda. Mahali palikuwa patatu. Kulikuwa na chanzo cha Kamilemba, juu mlimani kwenye kijiji cha Samukonda. Kulikuwa na kingo za katikati, karibu na barabara, ambako vijana wa matofali huchimba udongo. Na kulikuwa na dembo. Wananchi wenyewe wangekutana wachague pa kuanzia.

Mignonne aliwasindikiza wageni hadi njiani, akarudi akiwa anaimba. Kapata ni watu wengi, Samukonda ni wachache, na vijana wa matofali huwezi hata kuwaita watu. Kapata ikitoka vizuri, dembo limekwisha kushinda. Kilichobaki kilikuwa kuitoa Kapata, na hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote duniani.

Alitafuta neno. Mto lilikuwa kubwa mno, kwani mto ni Lualaba. Bonde, watu wangedhani ni kiwanja kinauzwa. Ndipo likamjia neno la nyumbani. Baba yake alitoka Kasenga, akisema Kibemba, na kwa Kibemba kijito ni mulonga. Neno zuri, linajaza kinywa. René, naye mtu wa upande wa Pweto, alilionja akasema halina kasoro.

Kasoro ilikuwepo, na ni kasoro ambayo ungeipata Kolwezi tu, ambako lugha zimepangana ukuta kwa ukuta kama nyumba za Kapata. Kwa Walunda na Wachokwe, waliojaa upande ule, mulonga si maji. Mulonga ni kesi. Ni shauri la barazani, lenye mshitaki na mshitakiwa na faini. Utauliza, mwanamke aliyezaliwa Kapata atakosaje kulijua hilo? Alilijua, kama unavyojua kwamba jirani yako ana jina la pili. Ila siku ya kumwita, jina hilo halikujii. Kalumba angelisikia tangazo angelizuia, lakini wiki ile alikuwa Fungurume kwenye msiba wa shemeji yake.

"Bajirani, mutege sikio," Mignonne alitangaza, safu kwa safu. "Siku ya posho, nyuma ya salongo, kutakuwa mulonga ku kiwanja ya masomo. Mulonga ya Kamilemba. Kila muntu akuye. Mwenye hatakuya, kesho asiseme bilipitishwa bila yeye."

Aliona baadhi ya watu wakiingia ndani na kufunga milango, akadhani ni jua.

Kilichobaki kilikuwa Samukonda. Hapo nisikufiche, alitamani kuiruka. Mlima ni mkali, betri zilikuwa zinakwisha, na kila mtu wa Samukonda atakayeshuka ni kura dhidi ya dembo. Nani angejua? Alisimama njia panda kwa muda mrefu, akakumbuka sheria yake, akajitukana kwa Kibemba, akapanda. Huko juu wanawake waliacha kutwanga ili wamsikilize. Wanaume walivua kofia. Katika maisha yake yote ya kutangaza hajawahi kupata masikio ya heshima namna ile, na alishuka mlima akiwa amevimba kichwa kidogo.

Siku ya posho ikafika, yaani Jumamosi. Salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha mtaa, ikaisha, mifagio ikawekwa, na Mignonne akawa wa kwanza kiwanjani. Wa pili walikuwa vijana wa matofali, wamevaa mashati safi, wamekaa wote upande mmoja. Mkubwa wao, Ruffin, alikuwa amenyoa ndevu. Halafu njia ya mlimani ikajaa watu. Samukonda nzima ilikuwa inashuka, imevaa nguo za kanisa, kila mtu na kiti kichwani. Mbele yao alitembea Mama Myriam, muuza makala, mwanamke mpana mwenye hatua za taratibu, na chini ya kwapa lake alibeba kuku.

Na Kapata? Kapata haikutoka. Walikuja akina mama wachache wa dembo na René na wazee wawili watatu wanaokwenda kila mahali penye watu. Wengine wote walikuwa wamejifungia ndani. Kapata ina watu wa kila namna, na kila mmoja ana jambo moja ambalo hangependa lisemwe barazani.

Kalumba alifungua mkutano kwa sala na kwa Kifaransa. Hakufika mbali. Mama Myriam aliinuka, akamkabidhi jirani yake kuku, akainama kidogo kwa adabu.

"Tata Shefu, samahani. Tulikuya ku mulonga. Toka tunaikala, tunaangalia huku na huku, hatuone mushitakiwa. Nani alikosa?"

"Mulonga gani?" aliuliza Kalumba.

"Ile mama mwenye megafoni alituitia."

Kalumba alimtazama Mignonne. Uso wake ulipita katika mshangao, ukapita katika hasira, halafu midomo ikaanza kumcheza. Alipowaeleza watu kwamba mama alikuwa anasema maji, wa kwanza kucheka alikuwa Ruffin, na alicheka kwa namna ya mtu aliyekuwa amelala siku tatu akijiandaa kwa jela. Kicheko kikaenea kiwanja kizima. Tatiana, ambaye hakuelewa vizuri, aliona ni wakati mwema wa kutoa vyombo vyake vya kupigia kura, yaani mfuko wa maharage na mabeseni matatu mapya ya plastiki.

"Kumbe beseni ilikuwako," alisema Mama Agnès wa dembo, na watu wakaanza upya.

Mignonne hakucheka. Aibu ilimshika masikio. Maji yakimwagika hayazoleki, na tangazo ni hivyo hivyo, hasa likipita safu zote za Kapata. Lakini kuliko aibu, aliona hesabu. Viti vya Samukonda vilijaza nusu ya kiwanja. Akina mama wa dembo wangeenea kwenye mkeka mmoja. Kila mtu angepewa punje moja ya haragwe kuiweka katika beseni la mahali anapopataka, na dembo lilikuwa limekwisha kushindwa, kwa ulimi wake mwenyewe.

"Kwetu," alisema Mama Myriam, ambaye hakuwa amekaa, "mwenye kuita batu ku mulonga na hana mushitakiwa, yeye njo mushitakiwa. Analipa kuku."

Hilo halikuhitaji maharage. Kiwanja kizima kiliitika. René aliinuka bila kuambiwa akaenda nyumbani kumleta Ministre, jogoo wa Mignonne aliyeitwa hivyo kwa ajili ya mwendo wake. Aliondoka kwa furaha ambayo mkewe aliikumbuka baadaye, kwa sababu jogoo yule alikuwa na mazoea ya kuwika chini ya dirisha lake.

"Sasa tuendelee na kura," alisema Kalumba.

"Hapana, Tata Shefu," alisema Mama Myriam. "Kuku ni ya kosa. Mulonga yenyewe iko wapi? Tulibeba biti mpaka huku. Batu ya Samukonda habarudiake nyumba bila mulonga."

Hapo ndipo Mignonne aliposimama. Hakuwa amepanga la kusema. Alijua tu kwamba kura ikipigwa sasa hivi amekwisha, na kwamba mtu mwenye kesi bado ana muda wa kuongea.

"Mushitaki iko," alisema. "Ni mulonga. Mulonga ya mayi njo inaleta mulonga ya kinywa. Kamilemba anashitaki shiye bote."

Wabemba wachache waliokuwepo walilipenda neno hilo, Wachokwe wengi waliokuwepo walilipenda zaidi, na Tatiana akatoa kofia yake akakaa vizuri.

"Kamilemba haina kinywa," alisema Kalumba, kwa sauti ya mtu anayetaka ajibiwe.

"Kinywa yake ni ile," alisema Mama Myriam, akinyoosha kidole kwenye megafoni.

Basi Mignonne akawa kinywa cha kijito. Moyo ulimrudia. Aliona nafasi ya kuliokoa dembo, maana mshitaki ndiye anayechagua pa kuanzia kulia. Akageukia vijana wa matofali.

"Kamilemba anauliza," alisema katika megafoni, "nani anakula kando yangu, mpaka nyumba ya bakambale inaanguka?"

Ruffin alisimama. "Ni shiye. Hatukatae. Lakini kila mvua, muchanga inatoka kule juu, inajaza mashimo yetu. Njo maana tunahama, tunachimba kando ingine. Uliza ba juu."

Watu wa Samukonda walinung'unika. Mama Myriam akawanyamazisha kwa mkono.

"Ruffin anasema kweli," alisema. "Miti ya mulima ni shiye tulikata. Tulifika pale na mikono mitupu, toka upande wa machimbo, na mwenye hana shamba anachoma makala. Mvua ikinyesha sasa, mulima inatembea. Naona na macho yangu. Hata kisima chenyewe, pale mayi inatokea, kimefunikwa na udongo, inatoka kama machozi." Akamgeukia Mignonne. "Lakini kinywa ya Kamilemba iniambie na mi kitu kimoya. Ile mifereji bamama ya Kapata balichimba katikati ya dembo, ni ya nini?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mignonne aliishusha megafoni kutoka mdomoni. Mifereji ile kila mama wa dembo aliijua. Mvua zikiwa kali matuta yalilowa na mboga zikaoza, kwa hiyo wakachimba njia za kuyatoa maji haraka. Maji yakatoka haraka kweli, na kiangazi hawakuyaona tena. Wa kwanza kuchimba alikuwa mama yake, na jembe lile bado liko nyuma ya mlango wa Mignonne. Megafoni ilipiga mluzi yenyewe, kama inavyofanya betri zikichoka.

"Kamilemba anasema ni kweli," alisema mwishowe, na kicheko kilichofuata kilikuwa cha upendo, naye akacheka pamoja nao kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Tatiana aliomba kutoa ushahidi. Kutoka kwenye mkoba wake alitoa chupa tatu alizozijaza mvua za mwisho, moja kwenye chanzo, moja kwenye matofali, moja dembo. Alizipanga juu ya kiti cha Samukonda. Matope yalikuwa yametulia chini, na katika chupa zote tatu yalikuwa mekundu.

"Bamama, udongo ya dembo ni rangi gani?" aliuliza.

"Nyeusi," walijibu akina mama wa dembo, wote kwa pamoja, kisha wakatazamana. Walikuwa wamelikanyaga tabaka lile jekundu juu ya matuta yao kila baada ya mvua, wakiliona ni uchafu wa kawaida.

"Tukitengeneza dembo mwaka hii," alisema Tatiana, "mvua inakuya, mulima inashuka, inajaza dembo tena. Nilileta chupa kwa kuwaonyesha. Sikujua zitakuwa bashahidi."

"Mulonga banaanzaka kuikata pale ilianzia," alisema Mama Myriam. Hakusema kwa kushinda. Alisema kama mtu anayekumbusha jambo ambalo kila mtu alilelewa nalo, na vichwa viliitikia mpaka upande wa Kapata.

Kura ikapigwa. Watu walipita mbele mmoja mmoja na punje yake. Zamu ya Mignonne ilipofika alisimama mbele ya mabeseni kwa muda. Beseni la dembo lilikuwa na rangi ya kijani. Alijua akiweka huko hakuna atakayemlaumu. Alijua pia kwamba akiweka kwingine, kiangazi hiki matuta ya mama yake yatakauka yote, na kijacho huenda vilevile, na atakuwa ameyahukumu yeye. Alitamani kulia, na karibu alie. Halafu akaweka punje yake katika beseni la chanzo. Haragwe liligonga plastiki, likanyamaza. Nyuma yake akina mama wa dembo walinong'ona, wakaguna, wakamfuata, isipokuwa Mama Agnès, aliyeweka lake katika beseni la kijani akasema ni kwa heshima ya marehemu.

Hukumu aliitangaza Mignonne mwenyewe. Shirika lianze kwenye chanzo. Samukonda iache visiki vya mlimani vichipue, na makala yachomwe ng'ambo nyingine. Ruffin na wenzake wahamishe mashimo mbali na kingo, na akina mama wa Kapata wafukie mifereji yao. Milango ya Kapata ilianza kufunguka mmoja baada ya mwingine, watu wakachungulia, wakaona kesi imekwisha na hakuna aliyefungwa, wakaja kwenye harufu ya chakula. Ministre alikuwa mgumu lakini alitosha supu. Munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ilitoka Samukonda katika madumu ya njano, tamu na yenye kuchangamsha, na Wachokwe na Wabemba walibishana hadi jioni nani anaitengeneza vizuri. Kuku wa Mama Myriam alirudi mlimani salama, chini ya kwapa lile lile.

Kiangazi kile dembo lilikauka, kama Mignonne alivyojua. Alisimama katikati ya matuta ya mama yake, udongo umepasuka, na nafsi ikamwambia alikuwa mjinga. Akina mama hawakumwachia. "Kinywa ya Kamilemba," walimwita wakipita na ndoo zao, "umwambie akuye basi." Alijibu kwa utani kila mara, na baadhi ya siku utani ule ulimgharimu. Lakini Jumamosi kwa Jumamosi alizunguka na megafoni kuita watu wa kwenda mlimani, naye alipanda nao. Walizibua kisima, wakapanga mawe kukata mteremko, na mashimo ya kulowekea mihogo, yaliyochafua maji, wakayahamishia chini ya kisima. Samukonda iliacha visiki. Mvua zilipokuja, miti ya mitondo na misamba ilichipua kutoka kwenye mizizi ya zamani bila kupandwa na mtu, na mwaka uliofuata wanawake wa huko waliokota viwavi vya kula kwenye majani mapya, wakapeleka Kapata kikapu kizima, na Mama Agnès, mpiga kura wa marehemu, ndiye aliyekula vingi.

Kiangazi hicho cha pili dembo lilichelewa kukauka. Cha tatu, mwezi wa nane ulipita. Mwezi wa tisa ukaenda ukaisha, joto likapanda, vumbi likajaa barabara, mvua bado haijanukia. Asubuhi moja Mignonne alishuka dembo na jembe, akitegemea kukuta nyufa. Mguu wake ulizama. Alisimama hapo, maji meusi yakipanda kati ya vidole, na chura akaruka kando yake kama mwenye nyumba aliyekatizwa usingizi. Alilia sasa, machozi ya furaha tupu, kisha akapanda mbio kwenda nyumbani.

"Nani alikufa?" aliuliza René, alipomwona akichukua megafoni.

Alipita safu zote za Kapata, halafu akapanda mpaka Samukonda, kwa sababu tangazo haliruki nyumba. Hakutafuta neno safari hii. Lilikuwepo tayari.

"Mulonga inafika," alitangaza. "Batu bote, mulonga ya Kamilemba inafika ku dembo. Mukuye."

Wakaja. Waliosikia maji walikuja na ndoo na mabeseni. Waliosikia kesi walikuja na viti kichwani, ingawa safari hii walijua vizuri, na walivibeba kwa makusudi. Wakakaa ukingoni mwa dembo, ndoo na viti pamoja, wakitazama maji kama watu wanaotazama mtoto akitembea kwa mara ya kwanza.

Mama Myriam alifika wa mwisho, kwa hatua zake za taratibu. Alitazama dembo kutoka upande hadi upande. Kisha akatoa kuku kutoka chini ya kwapa, akamweka mikononi mwa Mignonne.

"Hii mulonga ilianzia kwetu," alisema. "Leo ni mi njo nalipa."